Herufi, Saa na Shilingi: Kiswahili katika Mifumo Endeshi ya Kompyuta



Naomba nianze na ng'ombe. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alinitumia sura ya tasnifu yake kuhusu nyimbo za wafugaji. Nilipoifungua katika kompyuta yangu, kila palipostahili kuwa na neno hilo nilisoma "ngâ€™ombe". Kung'oa lilikuwa "kungâ€™oa", na ng'ambo "ngâ€™ambo". Maneno mengine yote, katika kurasa zaidi ya arobaini, yalikuwa salama salimini. Mwanafunzi alidhani ni kirusi. Fundi tuliyemwita alishauri tununue programu mpya. La hasha, haikuwa kirusi wala uchakavu wa programu. Kompyuta yake iliandika kwa kanuni moja na yangu ilisoma kwa kanuni nyingine, na tofauti ya kanuni hizo mbili ilidhihirika katika alama moja tu ya maandishi yote.

Nimeuchagua mfano huu kwa sababu una historia ndefu kuliko unavyoonekana. Mjapani, Mwarabu au Mrusi aliyetumia kompyuta katika miaka ya 1980 hakuhitaji kuelezwa kwamba mashine na lugha yake havikuwa vimekubaliana. Alikiona kila siku kioo kilichojaa takataka. Sisi hatukukiona. Kiswahili kiliingia katika kompyuta bila ya kupiga hodi, na kwa kuwa kiliingia hivyo, hatukuulizwa wala hatukujiuliza maswali ambayo wenzetu walilazimika kuyajibu mapema. Hoja yangu leo ni kwamba wepesi huo wa herufi ndio uliotuchelewesha katika mambo mengine, na hasa katika kuieleza mashine desturi zetu.

Kabla ya kwenda mbali hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. La kwanza ni usimbaji wa herufi. Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Usimbaji ni mapatano kwamba namba fulani itasimama badala ya herufi fulani, na kwamba namba hiyo itahifadhiwa kwa baiti kadha wa kadha. La pili ni mipangilio ya lugha na eneo, yaani jedwali ambalo mfumo endeshi hulirejea kila unapotaka kujua watu wa mahali fulani wanaandikaje tarehe, wanatenganishaje maelfu na desimali, sarafu yao ni ipi, siku na miezi yao inaitwaje, na neno lipi litangulie lipi katika orodha. Usimbaji unahusu maandishi, mipangilio inahusu mazoea. Lugha yaweza kufuzu katika la kwanza na kuanguka katika la pili.

Historia ya usimbaji ni kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1874 Mfaransa Émile Baudot alipata hataza ya mtambo wa simu ya maandishi uliotumia alama tano za ndiyo au hapana kwa kila herufi. Alama tano hutoa michanganyiko 32 tu, isiyotosha herufi na tarakimu kwa pamoja, hivyo mtambo ulibidi kubadilishwa hali kutoka upande wa herufi kwenda upande wa tarakimu na kurudi. Mwaka 1963 Wamarekani walitoa kanuni iitwayo ASCII, yenye biti saba na nafasi 128. Kati ya hizo, 33 ni amri za mitambo zisizoonekana, na 95 zilizobaki zimegawanywa kati ya herufi, tarakimu, alama za uandishi na ile nafasi tupu itenganishayo maneno. Herufi ndogo ziliwekwa rasmi katika marekebisho ya 1967. Ni kanuni iliyotungwa na Wamarekani kwa ajili ya Kiingereza cha Marekani. Hata alama ya pauni ya Waingereza haikupata nafasi.

Mataifa ya Ulaya yaliyokuwa na herufi zenye alama za ziada yalipata taabu. Kulitolewa ruhusa, kupitia kanuni ya kimataifa ya ISO 646, kila nchi izipangishe herufi zake katika nafasi chache za ASCII, kama zile za mabano ya mraba. Matokeo yake ni kwamba mwandishi wa programu huko Ujerumani au Uswidi alipoandika mabano aliona katika kioo chake herufi za lugha yake. Zilikuwa zama za kuchekesha kidogo, na nasema hivyo kwa kuwa sisi tulikuwa watazamaji. Kiswahili hakikuhitaji hata nafasi moja ya nyongeza. Kila kilichoandikwa katika Kiswahili Sanifu kiliweza kuandikwa kwa ASCII, na nafasi za q na x zikabaki bila kazi.

Je, ilikuwa bahati? Sidhani kuwa ilikuwa bahati tupu. Wamisionari waliokiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, tangu Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 hadi Edward Steere aliyefika Unguja mwaka 1864 na kuchapisha huko kwa mtambo wake, hawakukubaliana katika kila jambo. William Taylor, aliyefanya kazi Mombasa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, alitumia alama maalumu kuonyesha sauti za Kimvita ambazo Kiunguja hakizitofautishi, kama vile t ya meno na t ya ufizi, na sauti zenye mpumuo. Baadaye ukaja mkutano wa elimu wa Dar es Salaam wa 1925, uamuzi wa Mombasa wa 1928 wa kukifanya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930. Tahajia iliyotokana na mlolongo huo haikuwa na alama yoyote juu wala chini ya herufi. Ilikuwa tahajia ya taipureta ya Kiingereza. Ingekuwa alama za Taylor ndizo zilizoshinda, Kiswahili kingeingia karne ya kompyuta kikiwa na matatizo yale yale ya Kicheki au Kivietinamu. Kimvita kililipa gharama ya wepesi huo, jambo ambalo wasomi wa Mombasa hawajaacha kulikumbusha.

Gharama nyingine ililipwa na hati ya Kiarabu. Hii ndiyo hati iliyotumiwa kuandikia Utendi wa Tambuka, ambao mswada wake unaojulikana una tarehe ya mwaka 1728, na ndiyo iliyojaza makabati ya miswada katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na SOAS jijini London. Wanakili wa zamani waliandika kwa herufi za Kiarabu kama zilivyo: ba ilisimama pia kwa p, fa kwa v, na ghaini ilibebeshwa g na ng kwa pamoja. Msomaji aliijua lugha, hivyo alijaza mwenyewe kilichokosekana. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa Mwalimu Sikujua wa Mombasa alizirekebisha herufi hizo ili ziziwakilishe sauti za Kiswahili, na katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui aliiendeleza kazi ya namna hiyo. Mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar, akishirikiana na P. J. L. Frankl, alichapisha mapitio ya historia hiyo pamoja na mapendekezo ya tahajia kamili ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu.

Sasa tazameni kilichotokea pale kompyuta zilipopanuliwa kutoka biti saba hadi nane. Nafasi ziliongezeka kutoka 128 hadi 256, na mashirika ya viwango yakazigawa nafasi mpya kwa makundi ya lugha. Katika mfululizo wa ISO 8859 sehemu ya kwanza ilipewa lugha za Ulaya ya Magharibi, na sehemu ya sita, iliyotoka 1987, ilipewa Kiarabu. Sehemu hiyo ya sita ilitosha kwa Kiarabu na haikutosha kwa majirani wake: haina p, haina ch, haina v, haina g. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa jedwali lake, namba 1256, lililoongeza p, ch na g kwa ajili ya Kiajemi na Kiurdu, lakini v yenye nukta tatu haimo. Kwa maneno mengine, mnakili wa karne ya kumi na nane, aliyeandika p kwa ba, angeweza kuchapa utendi wake katika kompyuta ya 1990 bila shida kubwa. Mwanazuoni wa Mombasa aliyeboresha hati hiyo asingeweza. Mashine ilirudisha nyuma miaka mia moja ya kazi yake, na sidhani kama kuna aliyefahamu kwamba imefanya hivyo.

Dawa ilikuwa kuacha kugawana nafasi 256 na kutafuta jedwali moja kwa hati zote. Mwaka 1988 Joe Becker wa kampuni ya Xerox aliandika pendekezo la mfumo aliouita Unicode. Muungano wa Unicode ulisajiliwa Januari 1991, na toleo la kwanza la jedwali lake likatoka mwaka huo huo. Wakati huo ilidhaniwa kwamba biti 16, yaani nafasi 65,536, zingetosha dunia nzima. Hazikutosha, na toleo la pili la 1996 likafungua mlango wa nafasi zaidi ya milioni moja. Humo p, ch, v na g za hati ya Kiarabu kila moja ina namba yake, na ipo pia ile aini ya Kimalei yenye nukta tatu iwakilishayo sauti ya ng'.

Ilibaki swali la kuzihifadhi namba hizo kubwa katika mashine zilizozoea baiti moja moja. Watengenezaji wa Windows NT, iliyotoka 1993, walichagua biti 16 kwa kila herufi. Upande wa mifumo ya jamaa ya Unix jibu lilipatikana jioni moja ya Septemba 1992, katika mkahawa mmoja wa New Jersey, ambako Ken Thompson na Rob Pike walichora kwenye karatasi ya mezani mpango ambao leo unaitwa UTF-8. Werevu wake uko hapa: herufi zote 128 za ASCII hubaki baiti moja kama zilivyokuwa, na nyingine zote huchukua baiti mbili, tatu au nne. Faili lililoandikwa kwa ASCII mwaka 1970 tayari ni faili sahihi la UTF-8. Kwa hiyo Kiswahili cha herufi za Kirumi kilivuka mpaka huu pia bila kusimamishwa. Kile cha hati ya Kiarabu huchukua baiti mbili kwa kila herufi na mbili nyingine kwa kila irabu iliyowekwa juu au chini, na Kiswahili hakisomeki vizuri bila irabu hizo. Diski za leo hazioni tofauti.

Ndipo tunamrudia ng'ombe. Ile alama baada ya ng ndiyo pekee katika tahajia yetu isiyo herufi wala tarakimu. Katika ASCII ni namba 39, alama moja iliyobebeshwa kazi nyingi kwa ubahili wa taipureta: mkato wa juu, mwisho wa nukuu, na wakati mwingine hata mkazo wa Kifaransa. Programu za kuchapia zina tabia ya kuibadilisha, bila ya kuuliza, kuwa alama iliyopinda, ambayo katika Unicode ni namba nyingine kabisa na katika UTF-8 ina baiti tatu. Kompyuta yangu, iliyokuwa ikisoma kwa jedwali la Ulaya ya Magharibi la Windows, ilizichukua baiti hizo tatu kuwa herufi tatu: â, alama ya sarafu ya yuro, na alama ya biashara. Ndiyo siri yote ya tasnifu ile. Katika kurasa arobaini Kiswahili kilitoka nje ya ASCII mahali pamoja tu, na hapo hapo kikajeruhiwa.

Yapo madhila mengine ya alama hii. Katika dirisha la amri la Unix alama namba 39 hufungua nukuu. Ukiitisha faili liitwalo ng'ombe, mashine hukaa kimya ikisubiri uifunge. Katika hifadhidata zilizoandikwa kwa uzembe, jina kama Ng'ang'a hukatiza amri katikati na kurudisha kosa, na mwenye jina huambiwa aliandike bila alama. Ukitafuta neno lenye alama iliyonyooka katika matini yenye alama iliyopinda, programu nyingi zitakujibu kwamba halimo. Fauka ya hayo, Unicode ina alama ya tatu inayofanana na hizo mbili lakini imeainishwa kama herufi, namba 02BC kwa hesabu ya kihesedesimali. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyo sahihi kiisimu, kwa sababu katika ng' alama hiyo haikati neno wala haifungi nukuu; ni sehemu ya herufi ya sauti moja. Wapinzani wangu husema kwamba haipo katika kibodi ya mtu yeyote, na wanasema kweli. Mjadala huu ungestahili kufanywa na wanaisimu, na mpaka sasa umeachiwa programu za kuchapia.

Nije kwenye mipangilio. Lugha ya programu iitwayo C ilipowekewa kiwango mwaka 1989, iliwekwa humo amri ya kuchagua desturi za eneo, ikigawanywa katika vifungu: aina za herufi, mpangilio wa orodha, namba, fedha, na wakati. Mifumo endeshi mingi iliufuata mgawanyo huo. Mtumiaji asipochagua chochote hupewa eneo liitwalo C, ambalo si nchi yoyote bali ni ASCII na mazoea ya Kimarekani. Katika eneo hilo orodha hupangwa kwa namba za herufi, na kwa kuwa herufi kubwa zina namba ndogo, Zanzibar hutangulia asali. Kwa miaka mingi Waswahili waliotumia mashine hizo waliishi katika nchi hiyo ya C pasipo kujua, kwani maneno yao yalisomeka.

Ili desturi za Kiswahili zitajike kwa mashine, ilibidi kwanza kiwe na jina. Kiwango cha ISO kimekipa herufi mbili, sw, na nchi nazo zina zake: TZ, KE, UG, CD. Kwa hiyo sw_TZ ni Kiswahili kama kiandikwavyo Tanzania. Mambo yalipofika hapo siasa ilibisha hodi. Katika Windows XP Kiswahili kilisajiliwa kwa namba 1089, kikiambatanishwa na Kenya pekee. Mtanzania aliyechagua lugha yake alipangiwa shilingi ya Kenya. Upande wa programu huria, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa mwaka 2004 programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili. Mnakumbuka mabishano ya miaka hiyo, kompyuta au tarakilishi, na wengine wakisema ngamizi. Yalikuwa mabishano ya maana, ila yalihusu maneno yanayoonekana kwenye menyu. Jedwali la desturi lililoko chini ya menyu halikupata wagomvi.

Tangu mwaka 2004 hazina kubwa ya majedwali hayo, ifahamikayo kwa kifupisho CLDR, iko chini ya Muungano wa Unicode, na mifumo ya simu na kompyuta huchota humo. Kiswahili kina matawi manne humo kwa nchi nne nilizozitaja. Tawi la Kongo linafuata mazoea ya Kifaransa ya kutumia mkato mahali pa nukta ya desimali, hivyo 1.500 ni elfu moja na mia tano Lubumbashi na ni moja na nusu Mwanza. Kiwango kingine cha ISO kinakwenda mbali zaidi na kukihesabu Kiswahili cha Kongo kuwa lugha ya peke yake, swc, kando ya swh. Sitaki kuingia humo leo.

Ninalotaka kulisema ni la saa. Jedwali la wakati lina nafasi ya kuandika Jumamosi badala ya Saturday, na Januari badala ya January. Lina hata nafasi ya kutaja siku gani inaanza juma, na mnajua kwamba majina yetu yenyewe, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, yanahesabu kuanzia Jumamosi. Mashine ina uwezo wa kukubali hilo, kama inavyokubali kwa nchi kadhaa za Kiarabu. Lakini haina nafasi ya kusema kwamba saa ya kwanza huanza jua linapochomoza. Waliotunga vifungu vile walidhani kwamba majina ya saa hubadilika na hesabu yake haibadiliki. Waamhari wa Ethiopia, wenye hesabu kama yetu, wamekutana na ukuta huo huo.

Si jambo dogo. Mwenye kuongea Kiswahili akisoma 7:00 ikifuatiwa na neno usiku, anaelewa saa saba, yaani saa moja baada ya usiku wa manane. Mashine iliyopangwa kwa Kiswahili ikiandika hivyo inakusudia saa moja ya usiku, mara tu baada ya magharibi. Tofauti ni saa sita, na basi huwa limeondoka. Kwa miaka mingi tumelikwepa tatizo hili kwa kusoma namba ya Kizungu na kutamka ya Kiswahili, na akili zetu zimezoea kupiga hesabu hiyo bila kuhisi. Programu inayosoma maandishi kwa sauti, ambayo kipofu huitegemea, haina mazoea hayo. Husoma ilichokikuta.

Wako waliojaribu. Katika jedwali la Kiswahili la CLDR kuna kifungu cha nyakati za siku: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Mtu fulani aliyejaza kifungu hicho alipofika kwenye adhuhuri aliandika "saa sita za mchana", na kwenye usiku wa manane akaandika "saa sita za usiku". Hapo ndipo hesabu yetu ilipopenya katika mfumo. Simu iliyopangwa kwa Kiswahili basi inajua kwamba adhuhuri ni saa sita. Dakika moja baadaye huandika 12:01.